Somo Ambalo Sikuliandika Mimi

Goma, Keshero. Jumamosi, saa kumi za mchana, siku moja kabla ya boti yako.

Mwanangu Nsimire,

Masista walionifundisha kuandika kule Bukavu walitaka kila barua ianze na mahali na siku. Nimetii. Sasa naongeza kitu ambacho wao hawakukidai: naahidi kukuambia yote, hata yale yatakayonipunguza machoni pako. Nikiona kalamu inaanza kuzunguka, nitairudisha njiani.

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Papa yako anafunga begi lako kwa kamba ya tatu, ingawa zipu yake ni nzima. Habari za chakula cha chuoni, nguo za baridi na watu wa kukaa mbali nao ameshakupa yeye, na shangazi yako atazirudia ukishuka bandarini. Mimi nina jambo moja tu, na naliandika leo kwa sababu leo mchana nimepata nafuu ambayo sikuitegemea. Nikingoja kesho, labda nitaanza tena kuwa mwoga.

Unakumbuka ule mwaka niliokataa kufundisha tena wafamasia wenzangu. Uliniuliza sababu, nikakuambia koo linaniuma. Ulinichemshia tangawizi wiki nzima. Koo langu lilikuwa zima, Nsimire. Nilikunywa tangawizi yako kwa aibu.

Nianze mbali kidogo. Sisi wenye farmasi tunatakiwa kuendelea kusoma. Dawa zinabadilika, magonjwa yanabadilika, na mtu akibaki na yale aliyoyajua siku ya diploma, baada ya miaka michache anakuwa hatari akiwa amevaa blauzi nyeupe, koti letu la kazi. Kwa hiyo kila mwezi tulikutana kwa formation, yaani mafunzo, na anayehudhuria alipewa cheti chenye muhuri. Ukikosa vyeti, unapata shida kuandikishwa upya.

Jambo lilikuwa zuri. Kasoro ilikuwa mahali ambapo hakuna mtu aliyeangalia. Ukumbi wa hoteli kando ya ziwa ulilipwa na kampuni ya dawa. Kuku na samaki vililipwa na kampuni hiyohiyo. Kalamu, mwavuli na begi la karatasi vilikuwa na jina lake. Hata vyeti vilitunzwa na delege wa kampuni, yule kijana mpole Trésor ambaye kazi yake ni kupita farmasi kwa farmasi akieleza bidhaa zao. Aliviweka kwenye bahasha, akavigawa baada ya chakula. Anayeondoka mapema aliondoka bila cheti. Tulicheka juu ya hilo. Tulimwita Trésor mwalimu wa zamu, kwa sababu alituhesabu mlangoni kama watoto wa shule ya msingi.

Siku moja Trésor alikuja hapa farmasi akaniomba nifundishe mimi. Somo lilikuwa kichomi cha watoto. Nilifurahi, na nataka ujue nilivyofurahi, kwa sababu kosa langu liliingilia hapo. Tangu nikiwa msichana nilipenda kusimama mbele ya watu na kusema kitu sahihi kwa sauti safi. Masista walinichagua kusoma misa kila Jumapili. Nilipoolewa, nikazaa, nikafungua farmasi yenye kaunta moja na rafu nne, hakuna mtu aliyenichagua tena kusoma chochote. Halafu anakuja huyu, ananiita docteur mbele ya wateja.

Nilimwambia nitahitaji wiki mbili za kusoma vitabu. Akatoa flash mfukoni.

"Mama, weye utaongea tu," aliniambia. "Kazi ya kuandika tulishakufanyia."

Nilifungua picha za somo zilizokuwemo kwenye kompyuta yako. Zilikuwa nzuri kuliko chochote ningeweza kutengeneza, mapafu ya rangi, mishale, watoto wanaocheka. Nilibadilisha ukurasa wa kwanza nikaweka jina langu. Hayo tu. Na kwa kuwa wengi wanaotoka vijiji vya Kibati na Kibumba wanaelewa haraka zaidi kwa Kiswahili, nilikupa wewe kazi ya kunakili maelezo kwenye kadi kwa mwandiko wako mzuri. Ulikuwa mwaka wa nne wa sekondari. Uliandika kadi tatu, ukasimama, ukaniuliza kwa nini jina la dawa linarudi mara nyingi kuliko jina la ugonjwa.

Nilikujibu: "Andika tu, mama, saa inaenda."

Labda umesahau. Mimi nimebeba maneno yale miaka mitatu. Ulikuwa umeona kwa dakika kumi kitu ambacho watu wazima wenye diploma hawakukiona kwa saa mbili wakila kuku. Na mimi niliyekufundisha kuuliza ndiye niliyekunyamazisha.

Somo lilisema nini? Lilisema ukweli mwingi, na ndiyo maana lilipita. Lilieleza vizuri namna ya kuhesabu pumzi za mtoto na dalili za hatari. Kisha, mtu anapokuwa ameshakuamini, lilisema kwamba siku hizi dawa bora ni siro fulani, dawa ya kunywa ya chupa, ya unga unaochanganywa na maji, ya kampuni hiyo. Vidonge vya kawaida vya amoxicilline, vile vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji, ambavyo vituo vyote vya afya vinavitumia na vinafanya kazi, vilitajwa mara moja tu, kwa herufi ndogo, kama kitu cha zamani. Hapakuwa na uongo wa wazi. Kulikuwa na uzani uliowekwa upande mmoja, na mimi nikawa mkono uliouweka.

Niliongea vizuri. Nakuambia yote, basi na hilo nalisema: niliongea vizuri sana. Walipiga makofi. Papa Kasereka, yule mwenye farmasi ya Kibati, mrefu, anayecheka na mabega, alikuja kunishika mikono miwili akasema leo amepata kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Alienda nacho kweli. Vidonge vyake vya kuyeyusha vilipokwisha, hakuagiza vingine. Aliagiza siro. Wengine kadhaa walifanya hivyo.

Miezi kama miwili baadaye, Kasereka aliingia hapa farmasi asubuhi na vumbi la pikipiki mpaka kwenye nyusi. Sikumwona akicheka. Nilimpa kiti, akakataa. Alinieleza kwamba mama mmoja mkulima wa Kibumba, Mama Riziki, alishuka kwake na karatasi ya muuguzi. Muuguzi alikuwa ameandika vile vidonge, kwa mtoto mwenye kichomi, wa miaka miwili. Kasereka hakuwa navyo tena. Akamwambia yule mama kwamba hiyo ni dawa ya zamani, leo kuna siro, na walimu wa Goma wenyewe wamesema. Yule mama alikuwa amekuja na fedha ya vidonge, na siro ni ghali. Aliweza kuchukua chupa moja, na dozi ilihitaji mbili. Aliona haya kuuliza afanyeje. Alifika nyumbani akafanya hesabu yake mwenyewe: nusu kijiko badala ya kijiko, ili chupa ifike siku zote alizoambiwa. Siku ya nne mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa mbavu. Walimteremsha kwa pikipiki mpaka hospitali ya hapa mjini, na Kasereka alikuwa ametoka kuwaona.

"Sikukuja kugombana, Mama Nsimire," alisema. "Niko nakuja kuuliza kintu kimoja. Ile somo, ulisomaka wapi?"

Ningeweza kumwambia nililisoma kwenye vitabu. Angeniamini, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu nilijua angeniamini. Nilimwambia sikulisoma popote, nilipewa. Alitazama rafu zangu. Kwenye rafu yangu, Nsimire, vidonge vya kuyeyusha vilikuwepo. Sikuwa nimeviacha. Mimi mwenyewe nilikuwa naendelea kuvitoa kwa watoto wa Keshero, kwa mazoea, bila kuwaza kwamba nimewaambia wengine waviache. Kasereka alivihesabu kwa macho, akafunga jaketi lake, akatoka. Heri angenitukana.

Nilikwenda hospitali siku tatu mfululizo. Nilikuambia naenda kwa daktari wa koo. Mtoto alikuwa kwenye oksijeni, mkono wake umewekwa mrija wa dawa, na mama yake alinishukuru kwa kuja, akidhani ni mtu wa parokia. Siku ya tatu nilimwambia mimi ni nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama siro iliyobaki aimwage. Hilo tu ndilo alilotaka kujua. Mtoto alipona. Naandika haraka ili usisome mistari hii ukiwa umeshika pumzi: alipona kabisa, na mwaka huu nimemwona sokoni juu ya gunia la viazi akimpigia mama yake kelele.

Lakini kupona kwake si kazi yangu, na sikutaka kujifichia humo. Nilimwita Trésor. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Alikuja, akakaa, akanisikiliza kwa adabu yake ileile. Nilipomaliza kumwita mdanganyifu, aliinamisha kichwa kidogo, kisha akasema kitu ambacho bado kinanifundisha.

"Mama, mie nauzisha. Siku gani nilikuambiaka kama siuzishe? Ni weye uliambia batu kama unafundisha."

Alisema kweli. Sikumpenda siku ile, na mpaka sasa sipendi kazi yake iingie darasani, lakini alisema kweli. Muuzaji hakujificha. Alikuja na jina la kampuni kwenye shati. Aliyevua jina hilo na kuweka lake ni mimi. Utakutana na akina Trésor wengi huko fakulte, chuoni kwako. Watakuja na blauzi nyeupe zenye jina mfukoni, na vitabu vidogo, na maneno mazuri kwa mwanafunzi aliye mbali na kwao. Usiwachukie. Wengine ni watu wema kuliko sisi. Wasalimie, waulize bidhaa yao ina nini ndani, wanajua mengi. Ila ujue uko dukani, hata kama kuna ubao na chaki. Mimi nilichokosa si adabu ya kumkataa. Nilikosa kujua niko wapi.

Mkutano uliofuata niliomba dakika tano. Trésor alikuwa mstari wa mbele. Niliwaambia somo nililowafundisha sikuliandika mimi, na nikataja aliyeliandika. Nikasema la vidonge, nikasema la mtoto, bila kutaja jina la Kasereka. Yeye mwenyewe aliinua mkono akasema siro ilitoka kwake. Nyuma yetu sahani zilikuwa zinapangwa. Kisha kijana mmoja wa mwisho akauliza kwa sauti ya kutania, "Sasa Mama Nsimire, na ile kuku tutarudisha?"

Watu walicheka, na ningekufa pale kama si Muzee Bahati. Unamjua, yule mfamasia mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakugeuka hata nyuma.

"Kuku tulishakula," alisema. "Turudishe ile tu tuliweka mu kichwa."

Wiki ile wengi waliagiza vidonge tena. Wengi pia walinikasirikia, na si kwa sababu ya kuku. Bila kampuni hakuna ukumbi, bila ukumbi hakuna formation, bila formation hakuna cheti. Waliniuliza nitawapa nini badala yake. Nilirudi nyumbani nikaamua sitasimama tena mbele ya mtu yeyote kufundisha. Huo ndio mwaka wa koo.

Ni Muzee Bahati aliyeanzisha hili tulilo nalo. Aliomba darasa moja la shule ya parokia, Jumamosi moja kwa mwezi. Mara ya kwanza tulikuwa saba. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, kila mtu na chakula chake. Kasereka alileta viazi vya Kibumba vilivyochemshwa na maganda, akavimwaga juu ya meza ya mwalimu. Hakukaa karibu nami, lakini kiazi alinipa. Muzee alisimama akasema kabla ya kufundisha kila mtu ataeleza nani amempa nini mwaka huu, na akaanza na yeye: mwavuli mmoja, chakula cha mchana mara tano, na safari ya siku mbili ambayo mke wake aliifurahia sana. Tulicheka, kisha hatukucheka, kwa sababu zamu ilikuwa inakuja kwetu.

Tangu siku hiyo tumefanya hivyo kila mara. Dawa tunazitaja kwa jina la kilicho ndani, si la chupa. Anayeuza anaweza kutusubiri nje chini ya paa, na Trésor amesubiri mara mbili, tukazungumza naye baada ya somo, kila mtu kwa hiari yake. Anayefundisha lazima aonyeshe alikosoma, na lazima angalau vitabu viwili visivyotoka kwa mwenye bidhaa vikubaliane naye. Mara nyingine havikubaliani na tunatoka tumechanganyikiwa. Mwanzoni iliniudhi. Sasa naona heri nitoke nimechanganyikiwa kwa haki kuliko kutoka na uhakika niliopewa ndani ya begi la karatasi.

Mimi nilikuwa napanga madawati, naandika majina, nafuta ubao. Kila mara walipotafuta mwalimu, nilitazama chini.

Ilibaki shida ya vyeti. Cheti chetu kilikuwa karatasi yenye sahihi ya Muzee, na ofisi inayotuandikisha haikuwa imesema inaikubali au inaikataa. Wapya walikuja, lakini kila mwezi tulipoteza mmoja au wawili waliorudi hotelini. Sikuwalaumu. Mtu ana watoto, hawezi kufungiwa duka kwa ajili ya usafi wa darasa. Mwezi uliopita Kasereka aliniambia kwamba jibu lisipokuja, naye atarudi. Alisema akitazama viatu vyake. Nilijua darasa likimpoteza Kasereka limekwisha, na kwamba mtoto mwingine wa Kibumba atalipia.

Leo mchana Muzee Bahati aliingia akiwa amechelewa, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alisimama mbele, akafungua bahasha, akavaa miwani, akaivua, akampa karatasi Kasereka aisome kwa sababu uzi ulikuwa umekatika. Kasereka alisoma polepole. Ofisi imekubali. Saa za darasa letu zitahesabiwa sawa na nyingine, mradi tuendelee kuandika nani amefundisha, amesoma wapi, na nani amelipa nini. Hakuna aliyepiga makofi. Tulikaa tu kwenye vile vidawati, watu zaidi ya ishirini, tukapumua. Mama mmoja nyuma yangu alianza kumenya ndizi. Sijui kwa nini, lakini nilipoisikia ile ndizi ikimenywa machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

Ndipo Kasereka, akiwa bado mbele na karatasi mkononi, akasema mwezi ujao kuna somo la kichomi cha watoto, msimu wa mvua unaanza, na angependa lifundishwe na Mama Nsimire. Nilitikisa kichwa. Akasema hakuniuliza kama nataka.

"Weye njo unajua pahali somo inavunjikia," alisema. "Mwingine atatuambia dawa tu. Weye utatuambia ginsi mutu anadanganyikaka."

Muzee alitaka nijibu palepale. Niliomba siku chache. Walidhani nataka kumuuliza Papa yako.

Nataka kukuuliza wewe. Papa yako atasema ndiyo kabla sijamaliza sentensi, ananipenda, hafai kwa kazi hii. Wewe unaenda kusoma kitu hikihiki, kwa macho ambayo bado hayajachoka, na sasa unajua yote. Unajua nilifundisha nisichokisoma, nikasifiwa, nikakunyamazisha, nikakudanganya kuhusu koo. Unajua pia kwamba nilisema, ingawa kwa kuchelewa. Nilianza kusoma kuhusu kichomi kabla hawajaniomba, nilipoona somo liko kwenye ratiba, sikufichi. Daftari liko chini ya kaunta. Nimesoma usiku wa nne sasa, polepole, kama msichana wa mtihani, na nimefurahi tena kama zamani, na furaha hiyo ndiyo ninayoiogopa.

Safari njema, mwanangu. Siku zote nilidhani siku ya kuondoka kwako nitakuwa na uzito moyoni, na uzito upo kidogo, lakini zaidi nimepata wepesi, kwa sababu unaondoka ukijua mama yako ni nani. Sasa nisaidie. Boti inarudi Jumatano, mpe barua yako yule karani wa bandari anayemfahamu shangazi yako, atanifikishia. Sitaki unijibu kama binti anayenihurumia. Jione umefungua farmasi yako Kibumba, una kaunta yako, na watu wanaleta watoto wao kwako kwa sababu hakuna pengine. Umesikia ni nani atafundisha mwezi ujao. Je, ungefunga duka siku hiyo na kuja kunisikiliza?

Mama yako